Machozi ya shahidi si kipimo cha ukweli

Juzi nimeulizwa tena, safari hii na mpelelezi wa miaka mingi kazini: "Mama wa watu analia mpaka anatetemeka, anakumbuka hata rangi ya pazia. Unataka kuniambia halikutokea?" Sikutaka kumwambia hivyo. Nilitaka kujua nani alikuwa wa kwanza kumuuliza huyo mama, na alimuulizaje. Jalada zima halikuwa na jibu. Hizi ndizo dhana potofu ninazokutana nazo kuhusu kumbukumbu za mashahidi.

Dhana: anayekumbuka kwa undani na kwa uchungu, amekumbuka kweli

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, maana wanaoishikilia ni watu ambao kazi yao ni kupima ushahidi. Kumbukumbu haikai kichwani kama kanda inayongoja kuchezwa. Kila tunapoiita tunaijenga upya kwa chochote kilicho karibu, likiwemo swali lenyewe. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Baadhi waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana", wengine "yalipopondana". Wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Waliosikia neno la kwanza, 7 kati ya 50 walisema ndiyo. Waliosikia la pili, 16 kati ya 50. Filamu haikuwa na kioo chochote kilichovunjika. Hilo ni neno moja tu. Sasa mfikirie mtu aliyekaa miezi kwenye tiba ya kisaikolojia akiambiwa kila wiki kwamba huzuni yake inatokana na jambo alilolisahau, afumbe macho, ajaribu kuliona.

Undani nao una vyanzo vingi. Huko California, mwaka 1990, George Franklin alitiwa hatiani kwa mauaji ya 1969 kwa kutegemea kumbukumbu ambayo binti yake alisema imemrudia baada ya miaka 20. Mambo mengi aliyoyataja binti huyo yalikuwa yameshaandikwa magazetini, lakini baraza la waamuzi halikuruhusiwa kuyaona magazeti hayo. Hukumu ilitenguliwa mwaka 1995.

Na machozi ya yule mama ni ya kweli, haigizi. Mtu hulia kwa lile analoliamini, liwe lilitokea au halikutokea. Ndiyo maana machozi hayawezi kumsaidia mpelelezi kuamua.

Ushauri wangu ni ule ule ninaoutoa kila mafunzo: rekodi mazungumzo ya kwanza, maswali pamoja na majibu. Muhtasari ulioandikwa jioni ofisini hautoshi. Niliwahi kupewa maelezo ya mtoto, kurasa mbili zilizopangwa vizuri, "mtoto alieleza kuwa" kila aya. Bahati nzuri sauti ilikuwepo. Mtoto alisema "hapana" mara nne. Mara ya tano mhojaji akamwambia wenzake wote wameshasema, amebaki yeye tu. Kimya kirefu, kisha "ndiyo" ya sauti ndogo. Katika zile kurasa mbili "hapana" haikuwemo hata moja.

Dhana: mtoto hawezi kubuni mambo kama hayo

Habuni, anajibu kile anachoona kinatakiwa. Mwaka 1998 mtafiti Sena Garven na wenzake walijaribu, kwa watoto wa miaka 3 hadi 6, mbinu za mahojiano zilizotumika katika kesi ya shule ya awali ya McMartin, ambako wafanyakazi walituhumiwa kuwadhalilisha watoto kingono: kumsifu mtoto akijibu "vizuri", kumtajia walichosema wenzake. Hata dakika 5 hazikufika, na tuhuma za uongo dhidi ya mgeni aliyekuja kuwasomea hadithi zilifikia asilimia 58. Kwa maswali ya kuongoza peke yake zilikuwa 17.

Dhana: lisemwalo lipo

Katika kesi hiyo ya McMartin, Manhattan Beach, Marekani, polisi waliwaandikia barua wazazi wapatao 200 mnamo Septemba 1983. Walimtaja mtuhumiwa kwa jina na kuwaeleza mambo ya kumuuliza mtoto nyumbani. Baada ya hapo watoto wengi wakahojiwa, na wengine wakasimulia mahandaki chini ya shule. Watu 7 walishtakiwa. Kesi ilikwisha mwaka 1990 bila hata mmoja kutiwa hatiani. Sauti mia zilizoamshwa na barua moja zihesabiwe kama sauti moja.

Dhana: hipnosisi hufungua yaliyofungwa

Hipnosisi, yaani kumwingiza mtu katika hali inayofanana na usingizi ili akumbuke, humwongezea shahidi uhakika, haimwongezei usahihi. Mahakamani mchanganyiko huo ni wa hatari.

Dhana: kuihoji kumbukumbu ni kumlinda mhalifu

Hili linaniuma. Waathirika wengi hunyamaza miaka mingi, na kunyamaza si kusahau. Wapo pia wanaokumbuka ghafla wenyewe. Utafiti wa Elke Geraerts na wenzake, wa 2007, ulikuta kwamba kumbukumbu zilizorudi zenyewe nje ya tiba zilithibitishwa na ushahidi mwingine kwa kiwango kinachokaribia kile cha zile ambazo hazikuwahi kusahaulika. Zilizofukuliwa ndani ya tiba, haikuthibitika hata moja. Mahojiano mabaya humvunjia kesi mwathirika wa kweli kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu wakili wa utetezi akilipata swali moja bovu ameupata mlango.

Yule mtoto wa kwenye sauti, huenda kuna kitu kilimpata kweli. Baada ya mahojiano yale hakuna anayeweza kujua tena.