Watoto wa Kicheki kwenye shule za Wajerumani: walilazimishwa au walichujwa?

Kuna stori inazunguka sana, kwamba Wajerumani walipoingia Prague, mji mkuu wa Wacheki, Machi 1939 walifunga shule zote za Kicheki wakawaswaga watoto kwenye shule zao. Hapana jamani. Shule za msingi za Kicheki ziliendelea, watoto wengi wamemaliza vita wakisoma humohumo kwa lugha yao, ila Kijerumani kikaongezwa kwa nguvu na vitabu vya historia vikapekuliwa. Watoto wa Kiyahudi ndo walifukuzwa kabisa, 1940 hata shule za Kicheki zikawa marufuku kwao.

Kilichofungwa moja kwa moja ni vyuo vikuu vya Kicheki, tarehe 17 Novemba 1939. Jan Opletal, mwanafunzi wa udaktari, alipigwa risasi kwenye maandamano akafa, mazishi yake nayo yakageuka maandamano, basi watu 9 wakauawa bila kesi na wanafunzi kama 1,200 wakapelekwa kambi ya Sachsenhausen. Walitangaza miaka 3 tu, vikaja kufunguliwa vita vimeisha.

Dhana ya pili, na hii ndo inanichekesha, eti Wanazi walimtaka kila Mcheki awe Mjerumani. Hitler mwenyewe mwaka 1940 alikubali mpango wa kugeuza karibu nusu tu ya Wacheki, waliobaki wangeondolewa kwa njia moja au nyingine. Kwa hiyo mlango wa shule ya Kijerumani ulikuwa na chujio, mtoto wa Kicheki akija anaulizwa lugha, anaulizwa ukoo, wakubwa wa Kinazi wanaogopa "damu" ya Kijerumani itachafuka. Heydrich, kigogo wa Kinazi aliyetumwa kuwatawala Wacheki, alivyofika Septemba 1941 ukaguzi wa mbari ukafichwa ndani ya upimaji wa afya mashuleni, mzazi anadhani mwanae anapimwa kifua kumbe anapimwa Ujerumani wake.

Na ajabu yenyewe, kule Moravia, upande wa mashariki wa nchi ya Wacheki walikoishi pia Wajerumani wengi, tangu 1905 kulikuwa na sheria kwamba mtoto asipojua lugha ya shule kwa kawaida hapokelewi, na walioipigania ni Wacheki, walichoka kuona watoto wao wanavutwa shule za Kijerumani kwa viatu na chakula cha mchana.

Halafu hili la kwamba kila mzazi aliyempeleka mwanae huko ni msaliti. Wapo waliofuata maslahi, sikatai. Ila kulikuwa na ndoa za mchanganyiko kibao, na zamani familia za Kicheki na za Kijerumani zilikuwa zinabadilishana watoto kwa miezi kadhaa wakajifunze lugha, hakuna aliyeona ni dhambi. Tena kujiandikisha Mjerumani haikuwa mteremko, unapata mgao mzuri wa chakula lakini kijana wako anaitwa jeshini, wakati Mcheki wa kawaida hakuitwa.

Ukitaka kuona ule mchujo ulifika wapi angalia Lidice, kijiji cha Kicheki kilichoangamizwa Juni 1942 kulipiza kisasi cha kuuawa Heydrich. Wanaume walipigwa risasi, kina mama wakapelekwa kambi ya Ravensbrück, watoto wachache wakaonekana "wanafaa" wakapewa familia za Kijerumani, 82 wakauawa kwa gesi kwenye kambi ya Chełmno, Poland. Hao wachache waliopatikana baada ya vita, wengine walikuwa wameshasahau Kicheki, mama anamkumbatia mwanae na hawaelewani hata neno.