Jandarma wa Masedonia, 1903–1908: Dhana Potofu na Ukweli

Tarehe 8 Agosti 1903, katika mji wa Monastir, ambao leo unaitwa Bitola, askari mmoja wa jandarma wa Milki ya Osmani alimpiga risasi na kumuua Alexander Rostkovski, balozi mdogo wa Urusi. Maasi ya Ilinden, yaliyopinga utawala wa Osmani, yalikuwa na siku 6 tu tangu yalipuke katika eneo hilo. Askari yule alinyongwa, nayo Urusi ikatoa manowari zake za Bahari Nyeusi zikatia nanga kwenye pwani ya Osmani. Jandarma walikuwa askari nusu jeshi nusu polisi, waliolinda vijiji na barabara za mikoani, na ugomvi wa mmoja wao na balozi ulitosha kusogeza meli za kivita.

Masedonia inayozungumziwa hapa ilikuwa mikoa mitatu ya Osmani katika Balkani: Selanik, Monastir na Kosovo. Kwa Kituruki mkoa uliitwa «vilayet», neno lenye asili moja na «wilaya» yetu, ingawa vilayet ilikuwa kubwa kuliko wilaya tunayoijua sisi. Selanik yenyewe ni ile Thesalonike ambayo wasomaji wa nyaraka za Mtume Paulo wanaifahamu kwa jina. Kuhusu yaliyotokea huko kati ya mwaka 1903 na 1908 kuna masimulizi mengi yanayorudiwarudiwa bila kuchunguzwa, na baadhi yake tunayapima hapa.

«Mageuzi ya polisi yaliletwa na wageni, Waosmani walikuwa wamelala.»

Sultani Abdülhamid II alimteua Hüseyin Hilmi Pasha kuwa Mkaguzi Mkuu wa mikoa hiyo mitatu Desemba 1902, wakati Austria-Hungaria na Urusi zilikabidhi mpango wao wa kwanza wa mageuzi Februari 1903. Mpango huo ulitaka jandarma waandikishwe Waislamu na Wakristo kwa uwiano wa wakazi, na mishahara ilipwe kwa wakati. Sharti la mishahara halikuwa dogo hata kidogo, kwa sababu askari asiyelipwa kwa miezi hula kwa mwanakijiji. Istanbul, yaani serikali ya Sultani, ilikubali, ikaajiri maafisa kutoka Ubelgiji, Sweden na Norway, na uchaguzi huo haukuwa wa bahati nasibu: hizo ni nchi ambazo hazikuwa na manowari za kutia nanga mlangoni pa Sultani. Aliyetaka wataalamu bila mabwana alijua pa kuwatafuta.

«Baada ya Mürzsteg, Madola Makuu yalichukua amri ya polisi.»

Hii ndiyo dhana iliyoenea zaidi, na chanzo chake kinaeleweka. Oktoba 1903, maasi yakiwa yamezimwa kwa moto na upanga, Kaisari Franz Joseph na Tsar Nicholas II walikutana Mürzsteg, kwenye makazi ya mawindo katika milima ya Austria, na mawaziri wao wakatoa mpango mpya wenye vifungu 9. Kifungu cha kwanza kiliweka mawakala wawili wa kiraia, mmoja wa Austria-Hungaria na mmoja wa Urusi, kando ya Hilmi Pasha. Kifungu cha pili kilimkabidhi jenerali wa kigeni kazi ya kuunda upya jandarma, akisaidiwa na maafisa wa kijeshi wa Madola Makuu, yaani mataifa yenye nguvu ya Ulaya. Sultani aliukubali mpango huo Novemba mwaka huohuo, baada ya kuvuta muda kadiri alivyoweza.

Lakini soma masharti yenyewe. Jenerali aliyepatikana, Mwitalia Emilio De Giorgis, aliingia katika utumishi wa serikali ya Osmani. Hakuja kama kamanda wa jeshi la kigeni. Maafisa waliofuatana naye walikagua, walifundisha, walipokea malalamiko na kupendekeza nani afukuzwe kazi, ila amri ya kutoa kikosi kambini na kukipeleka mahali ilibaki mikononi mwa Waosmani. Hilmi Pasha alikuwa mtu wa adabu nyingi na kumbukumbu kali, na alijua vizuri kwamba afisa mwenye haki ya kuuliza maswali bila haki ya kuamuru anaweza kuzungushwa kwa heshima zote mwaka mzima.

Nguvu halisi ya wageni ilikuwa katika maandishi. Mwanakijiji aliyepigwa na mtoza ushuru, ambaye zamani angemlalamikia mkubwa wa mtoza ushuru huyohuyo, sasa aliweza kumwendea afisa Mfaransa au Mwingereza. Malalamiko yakaandikwa, yakafika kwa balozi mdogo, kisha yakaenda Istanbul, London au Vienna. Uingereza ilizichapisha taarifa za mabalozi wake na kuziweka mbele ya Bunge. Ofisa wa Osmani ambaye hakuogopa kushtakiwa mahakamani aliogopa jina lake kuingia katika taarifa ya namna hiyo. Ushawishi wa kidiplomasia ulikuwa huo, nao ni tofauti kabisa na kushika amri, ingawa kwa ofisa aliyeupata usoni huenda tofauti haikuonekana.

«Madola Makuu yalikuwa na sauti moja.»

Ramani inatosha kulijibu hili. Mikoa iligawanywa kanda: Austria-Hungaria ilichukua eneo la Üsküb, yaani Skopje ya leo, Urusi ikachukua Selanik, Italia Monastir, Ufaransa Serres na Uingereza Drama. Ujerumani, iliyokuwa ikijenga urafiki na Sultani, haikuchukua kanda. Austria-Hungaria nayo ilihakikisha kwamba maeneo ya magharibi yenye Waalbania wengi yanaachwa nje ya mageuzi, kwa sababu ilikuwa na hesabu zake huko na haikutaka jicho la Italia lifike karibu. Austria-Hungaria na Urusi zilikuwa zimeafikiana tangu mwaka 1897 kutoivuruga hali iliyopo katika Balkani, hivyo kwao polisi bora walikuwa njia ya kuahirisha swali la nani aimiliki Masedonia. Uingereza ilitaka mageuzi yaende mbali zaidi, yafike hadi fedha na mahakama.

«Mauaji yaliendelea kwa sababu jandarma walikuwa wabovu.»

Hapa lawama imewekwa mahali pasipostahili. Kifungu cha tatu cha Mürzsteg kilisema kwamba nchi ikishatulia, mipaka ya kiutawala itarekebishwa ili mataifa mbalimbali yapangwe kwa utaratibu ulio bora. Walioandika sentensi hiyo huenda waliiona ya busara. Sofia, Athens na Belgrade, miji mikuu ya Bulgaria, Ugiriki na Serbia, ziliisoma kuwa tangazo la mnada: kijiji kitakachohesabiwa cha Wabulgaria siku ya kupima kitaangukia upande wa Wabulgaria, na cha Wagiriki vivyo hivyo.

Katika nchi ambamo familia moja iliweza kuzungumza lugha moja nyumbani na kusali kwa lugha nyingine, utaifa ulipimwa kwa kanisa. Waliofuata Eksarkati ya Kibulgaria, yaani kanisa la Kiorthodoksi la Wabulgaria lililoanzishwa mwaka 1870, walihesabiwa Wabulgaria, na waliobaki chini ya Patriarki wa Konstantinopoli, mkuu wa kanisa la Kiorthodoksi la Kigiriki, wakahesabiwa Wagiriki. Makundi yenye silaha yalishuka milimani usiku kuwalazimisha wanakijiji wabadili kanisa, na padri au mwalimu wa shule ndiye aliyeuawa kwanza. Afisa wa Kigiriki Pavlos Melas, aliyeingia Masedonia akiongoza kundi la namna hiyo na kuuawa Oktoba 1904, anaheshimiwa hadi leo kwao kama shujaa. Wapinzani wake wana mashujaa wao pia. Kufikia mwaka 1907 Vienna na Saint Petersburg zililazimika kuzitangazia nchi jirani kwamba kifungu cha tatu hakikumaanisha walivyodhani, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Jandarma aliyefunzwa kulinda soko na barabara angefanya nini mbele ya hayo? Kuwawinda waasi milimani kulikuwa kazi ya jeshi, yaani Jeshi la Tatu, ambalo halikuwa chini ya De Giorgis.

«Abdülhamid alitii kila alichoambiwa.»

Hakutii, alipatana bei. Madola yalipodai tume ya kimataifa ya kusimamia fedha za mikoa hiyo mwaka 1905, alikataa hadi manowari zao, bila za Ujerumani, zilipoikamata forodha ya kisiwa cha Mytilene mwezi Novemba, kisha Lemnos. Tume akaikubali. Hata hivyo, mwaka 1907 Osmani ilipata ilichokuwa ikikidai kwa muda mrefu, ruhusa ya kupandisha ushuru wa forodha kutoka asilimia 8 hadi 11.

«Maafisa wa kigeni walifukuzwa kwa nguvu.»

Juni 1908 Mfalme Edward VII na Nicholas II walikutana Reval, Tallinn ya leo, na uvumi ukaenea kwamba Masedonia inagawanywa. Maafisa vijana wa Jeshi la Tatu, waliochoka kuwinda waasi huku mishahara yao ikichelewa na jandarma wenye walezi wa kigeni wakilipwa, walikuwa wamekwisha kujipanga kwa siri. Tarehe 3 Julai mmoja wao, Niyazi Bey wa Resne, aliingia milimani na watu wake, na tarehe 24 katiba ya Osmani, ambayo Sultani alikuwa ameisimamisha, ikatangazwa kurejeshwa. Hakuna aliyewashambulia maafisa wa kigeni. Madola yenyewe yaliwaondoa, kwa kuwa bunge likifunguliwa, hoja ya kumsimamia Sultani kwa niaba ya raia wake haikuwa na pa kusimama.

De Giorgis hakuyaona hayo, kwani alifariki mapema mwaka huo na nafasi yake ikachukuliwa na Mwitalia mwingine, Jenerali di Robilant. Hilmi Pasha, ambaye kwa miaka 5 alikuwa na mawakala wawili wa kigeni pembeni yake, akawa Waziri Mkuu wa Osmani mwaka 1909. Serikali mpya iliendelea kuajiri baadhi ya maafisa wa kigeni kuwafundisha jandarma, safari hii kwa mikataba iliyoiandika yenyewe.