"Amelewa, Mwacheni Alale": Dhana Potofu Kuhusu Madaktari Wanaokosea Dharura

Mgonjwa ananuka pombe, ulimi mzito, hajui alipo. Kila anayepita kitandani anasema amelewa, mwacheni alale. Mwishowe muuguzi anamgusa paji la uso, anakuta jasho la baridi. Anamtoboa kidole: sukari imeshuka vibaya. Pombe kweli alikunywa, na pombe yenyewe huweza kushusha sukari. Lakini neno "amelewa" lilishafunga mlango, na kipimo kinachotaka tone moja tu la damu hakikufanywa mapema.

Dhana: Daktari akikosea ugonjwa, ni kwa sababu hajasoma vya kutosha.

Hilo ndilo tunalokimbilia kusema, na mara nyingi si kweli. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichambua visa 100 vya magonjwa yaliyotambuliwa kimakosa. Upungufu wa elimu ulikuwa nadra. Kosa la kifikra lililoongoza ni kukata shauri mapema: daktari anapata jibu linaloelekea kufaa, anaacha kutafuta. Elimu anayo, ila ameshaacha kuiuliza.

Dhana: Historia ya mgonjwa ikijulikana, daktari hawezi kupotea.

Historia ni muhimu sana, sitaki nieleweke vibaya. Lakini huweza pia kumfunga daktari macho. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 uliangalia zaidi ya wagonjwa 100,000 katika hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani. Wote walikuwa na tatizo la moyo kushindwa kusukuma damu vizuri, na wote walifika kitengo cha dharura wakihema kwa shida. Pale ambapo maelezo ya mapokezi yaliutaja ugonjwa huo wa moyo, madaktari walipima mara chache zaidi kama kuna donge la damu kwenye mapafu, na waliopimwa walisubiri zaidi. Ndani ya siku 30, waliokuja kugundulika kuwa na donge hilo hawakutofautiana baina ya makundi hayo mawili. Ugonjwa ulikuwepo kwa kiwango kilekile. Maneno machache kwenye fomu ndiyo yaliyochelewesha kuutafuta.

Dhana: Jicho la bingwa halipitwi na kitu.

Mwaka 2013 mabingwa 24 wa kusoma picha za mapafu walipewa kazi ya kutafuta vinundu. Ndani ya picha hizo walichomekewa mchoro wa sokwe, mkubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida. Mabingwa 20 hawakumwona, na wengi wao macho yao yalipita juu yake kabisa.

Dhana: Daktari asiyesita ndiye wa kuaminika.

Mwaka huohuo madaktari 118 walipewa visa vyepesi na vigumu. Kwenye vyepesi walipata takriban 55 kwa 100. Kwenye vigumu hawakufika 6. Kujiamini kwao kulishuka kidogo tu, kutoka 7.2 hadi 6.4 kati ya 10.

Dhana: Basi dawa ni kufikiri polepole.

Hapana. Moyo uliosimama haungoji tafakuri, na kutambua haraka huokoa maisha kila siku. Kumwambia daktari "jihadhari" nako hakusaidii sana, kwa kuwa mwelekeo huu wa fikra haujitangazi. Kinachofaa ni kituo kifupi kabla ya kufunga faili: ni dalili gani haikubaliani na jibu langu? Ni ugonjwa gani, nikiukosa, utamuua kwanza? Chukua maumivu makali ya kifua yanayochana hadi mgongoni. Yanafanana na mshtuko wa moyo, na dawa ya kuzuia damu isigande iko tayari. Ikiwa kumbe ni mshipa mkuu wa damu umechanika kwa ndani, dawa hiyohiyo huweza kumwangamiza. Kupima presha mikono yote miwili na kukuta tofauti kubwa kunaweza kumshtua daktari akaomba picha kwanza.

Swali hilo hata ndugu wa mgonjwa anaweza kuliuliza bila kumvunjia mtu heshima: "Daktari, yaweza kuwa nini kingine?"