Kwa nini mchezaji wa netiboli haruhusiwi kukimbia na mpira?

Simama pembeni ya kiwanja chochote cha shule ya msingi msimu wa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania. WA, yaani mshambuliaji wa pembeni, anadaka mpira akiwa mbioni, mguu wa kulia unatua, wa kushoto unafuata, kisha ule wa kulia unanyanyuka na kukanyaga tena kabla mpira haujamtoka mkononi. Filimbi inalia. Mguu uliotua kwanza unaruhusiwa kunyanyuka, ila ukirudi chini mpira uwe umeshaondoka. Na sekunde za kukaa na mpira ni 3 tu.

Wengi huamini sheria hii ilitungwa kuwahurumia wasichana: enzi hizo walivaa sketi ndefu, na wakubwa wao waliona mbio haziwafai. Maelezo hayo yanaingia akilini kabisa, ndiyo maana hayafi. Lakini waliofungwa miguu kwa mara ya kwanza walikuwa wanaume watupu, 18, tena watukutu.

Ilikuwa Desemba 1891, mjini Springfield, Marekani. Mwalimu James Naismith alikabidhiwa darasa lililochoshwa na mazoezi ya viungo ya ndani wakati wa baridi, akapewa siku 14 abuni mchezo. Aliandika sheria 13. Ya 3 inasema mchezaji hawezi kukimbia na mpira. Ataurusha kutoka pale alipoudakia. Ndiyo, mchezo wenyewe ni mpira wa kikapu.

Hofu yake ilikuwa sakafu. Kwenye raga, mwenye mpira ni basi, na mpira ni abiria unayemtafuta: huwezi kumpata bila kulisimamisha basi zima. Ndiyo maana watu huangushana. Kwenye nyasi utainuka. Kwenye mbao za ukumbi utavunjika. Naismith akaona kwamba basi likilazimika kusimama na abiria kushuka papo hapo, hakuna tena sababu ya kulivamia. Mpinzani atafukuzia abiria.

Baadaye wachezaji wa kikapu waliobanwa wakagundua ujanja wa kudundisha mpira na kuudaka tena, na ujanja ukahalalishwa. Netiboli, iliyotokana na mchezo huohuo wa Naismith, ilikuwa imeshashika njia yake Uingereza, ambako sheria zake zilichapishwa mwaka 1901, na udundishaji huo haikuupokea. Hata urefu wa pete umebaki futi 10 za Naismith, ambazo kwa mtoto wa darasa la tano ni safari.

Wanaotaja sketi hawajakosea moja kwa moja, wamekosea sheria tu. Mwaka 1892 Senda Berenson, mwalimu wa chuo cha wanawake cha Smith huko Marekani, aliupeleka mchezo wa Naismith kwa wanafunzi wake akaugawa uwanja sehemu tatu, kila mchezaji na eneo lake, ili wasichoke kupita kiasi. Hapo ndipo huruma ilipoingia. GK, yaani mlinda goli wa netiboli, anayekatazwa kutoka kwenye theluthi yake, akabaki mikono kiunoni huku wenzake wakihangaika upande wa pili, malalamiko yake ayapeleke kwa Berenson.