Je, wajua kuna namba unayoikata mkia mara saba na bado haigawanyiki?

Chukua 73,939,133. Tuseme ni shilingi za mauzo ya dagaa, na wavuvi pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, wanataka kugawana. Wakiwa wawili, inabaki shilingi moja. Wakiwa watatu, zinabaki mbili. Wakiwa saba, mbili tena. Ongeza watu utakavyo, hesabu haitakaa sawa mpaka wafike 73,939,133, kila mmoja na shilingi yake moja. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, kwa hiyo hata tukiitwa wote hatutoshi.

Namba ya namna hiyo ndiyo tuliyofundishwa shuleni kuiita namba tasa. Lakini namba tasa hazina mwisho, na hilo peke yake lisingenifanya niandike. Sasa ikate tarakimu ya mwisho, kama anavyokatwa sangara kuanzia mkiani. Inabaki 7,393,913: tasa. Kata tena, 739,391: tasa. Endelea: 73,939, kisha 7,393, kisha 739, kisha 73, mpaka kichwa chenyewe, 7. Zote tasa. Sangara ukishamtoa minofu unabaki na mapanki. Huyu kila ukimkata, kinachobaki ni samaki mzima.

Inawezekanaje? Ijenge kuanzia kichwani utaona. Nyuma ya 7 huwezi kuweka tarakimu shufwa, maana namba itagawanyika kwa 2. Wala 5. Zinabaki 1, 3, 7 na 9. Hapo ndipo inapoingia kanuni ya 3: jumla ya tarakimu ikigawanyika kwa 3, namba nayo inagawanyika. Saba ukiigawa kwa 3 inabaki 1. Kuongeza 3 au 9 hakubadilishi baki hilo, ila kuongeza 1 au 7 kunalisogeza hadi 2, na ukirudia mara ya pili baki linaisha, namba imekufa. Kwa hiyo namba inayoanza na 7 inaruhusiwa kupokea 1 au 7 mara moja tu, basi. Itazame tena: 7-3-9-3-9-1-3-3. Ile 1 iko peke yake, zilizobaki ni 3 na 9 tupu.

Kanuni hiyo inabana, lakini haitoshi. Kila hatua bado lazima ipimwe kwa vigawanyo vingine, na wengi wanaanguka njiani. Namba za aina hii zipo 83 tu, ukihesabu na 2, 3, 5 na 7 zenyewe. Zenye tarakimu nane ni tano, na yetu ndiyo kubwa kuliko zote. Jaribu kuirefusha: ukiweka 1 jumla inakuwa 39, ukiweka 7 inakuwa 45, zote za 3. Ukiweka 3 au 9 unaikwepa 3, lakini kigawanyo kingine kinakudaka. Yenye tarakimu tisa haipo hata moja.