Pato ghafi, pato halisi na kinachoingia benki

Pato ghafi ni fedha kabla ya makato. Pato halisi ni zinazobaki baada ya makato. Maana ndiyo hiyo tu. Kinachoponza watu ni neno "halisi".

Mitaani halisi ni kitu kisicho bandia: asali halisi, dhahabu halisi. Lakini asili yake ni Kiarabu, khalis, kisichochanganyika na kingine. Ndiyo maana pakiti ya sukari huandikwa "uzito halisi", yaani sukari bila karatasi yake, wala hakuna anayedhani uzito ghafi ni wa uongo. "Ghafi" nalo wengine hulisikia kama uchafu, kumbe ni lile lile la malighafi.

Basi mstaafu aliyeko Marekani anaona dola 1,615 za Social Security (mafao ya uzeeni ya serikali) zimeingia benki, anaziandika kwenye Quicken, programu ya kutunza hesabu, kuwa ndizo pato lake, kwa kuwa ndizo "halisi". Tuseme mafao yake ni 2,000.00. Bima ya Medicare Sehemu B, yaani bima ya afya ya serikali, imekatwa 185.00 (kiwango cha kawaida cha 2025), na kodi ya asilimia 10 aliyoiomba mwenyewe kwa fomu W-4V ni 200.00. Muamala ni mmoja wa 1,615, ila ugawanywe mistari mitatu: mafao 2,000.00, bima −185.00, kodi ya shirikisho −200.00. Ukisahau alama za kutoa, mistari inafika 2,385 na pengo la 770 linabaki likikukodolea macho. Usilizibe kwa mstari wa "mengineyo", rudisha alama.

Anayeandika 1,615 tu atamaliza mwaka na 19,380, halafu Januari inakuja fomu SSA-1099, inayoonyesha mafao ya mwaka mzima, yenye 24,000. Tofauti ya 4,620 haijaibwa: 2,220 ni bima, ambayo huhesabiwa kama gharama ya matibabu kwa anayeorodhesha makato yake ya kodi, na 2,400 ni kodi iliyokwisha kulipwa.

Fomu yenyewe nayo inachanganya. Kisanduku cha 5 kinaitwa mafao halisi, na bima na kodi bado zimo ndani! Kilichoondolewa ni mafao uliyoyarudisha tu, yale ya kisanduku cha 4. Kwa hiyo "halisi" bila kutaja halisi baada ya kutoa nini ni neno nusu.

Kila Januari badilisha mistari yote, si wa juu peke yake: mafao kwa kawaida hupanda, na bima pia (2026 ni 202.90). Na ukiweka muamala ujirudie, usiufunge kwenye tarehe. Wengi hulipwa Jumatano ya pili, ya tatu au ya nne, kufuatana na siku ya kuzaliwa.

Ukiulizwa mafao yako ni kiasi gani, basi, ni 2,000. Zile 1,615 ziite zinazonifikia.