Maumivu Yasiyoisha Baada ya Upasuaji wa Goti kwa Kamera: Dhana Potofu na Ukweli

Goti linapoendelea kuuma miezi mitatu au zaidi baada ya upasuaji wa matundu madogo, jambo la kwanza kusemwa nyumbani ni kwamba daktari alikosea. Yapo makosa ya aina hiyo, lakini mara nyingi chanzo cha maumivu kilikuwemo mwilini kabla ya mgonjwa kuingia chumba cha upasuaji, na kikubwa zaidi ni kusagika kwa goti. Kamera na vifaa vyembamba vinaweza kuondoa kipande kilichochanika cha meniska, yaani kile kikinga mshtuko kilicho kati ya mifupa ya goti, kinachofanya goti likwame, ila haviwezi kurudisha gegedu, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa, lililokwisha kulika. Mjini Houston, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwagawa wagonjwa 180 wenye magoti yaliyosagika: wengine walisafishwa goti, wengine walichanwa ngozi tu bila kujua, na kwa miaka miwili waliosafishwa hawakupata nafuu kuliko waliochanwa ngozi. Kwa hiyo mwenye goti lililosagika, hasa akiwa na uzito mkubwa, ana haki ya kuelezwa mapema kwamba huenda maumivu yakabaki.

Wengine hushikilia kwamba kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili ipigwayo kwa sumaku) kikionyesha meniska imechanika, basi hiyo ndiyo inayouma. Watafiti waliopima watu 991 wa miaka 50 hadi 90 huko Framingham, Massachusetts, walikuta kwamba asilimia 61 ya wenye meniska zilizochanika hawakuwa na maumivu wala kukakamaa kwa goti katika mwezi uliotangulia. Picha peke yake haitoshi kumpeleka mtu kwenye kisu.

Dhana inayowaumiza wagonjwa kuliko zote ni ile ya kuwaambia kwamba maumivu yao ni ya kufikirika tu, kwa kuwa jeraha limepona. Maumivu hayo ni ya kweli. Mtu aliyeumwa sana kwa muda mrefu kabla ya upasuaji, mwenye sonona au wasiwasi, au aliyezoea dawa kali za jamii ya mofini, mfumo wake wa fahamu huweza kuwa umekwisha kuwa mwepesi wa kuhisi maumivu, nao hautulii kwa sababu tu goti limesafishwa. Kumuuliza mgonjwa kuhusu usingizi na hofu zake kabla ya upasuaji ni sehemu ya tiba, wala si kumdharau. Vilevile, anayesikia ganzi au mwako karibu na kovu huenda tawi dogo la neva lipitalo chini ya kilegesambwa limeguswa.

Kuhusu kupumzika kitandani hadi maumivu yaishe, ushauri huo hudhoofisha misuli ya mbele ya paja, ambayo hunyong'onyea haraka kiasi kwamba tofauti ya paja na paja huonekana kwa futi ya fundi cherehani. Isipokuwa daktari amekataza, mazoezi huanza mapema, kidogo kidogo, chini ya mtaalamu wa fiziotherapia.

Hata hivyo, si kila maumivu ni ya kuvumilia. Goti likiwa la moto, jekundu na lenye kuvimba pamoja na homa, au likitoa usaha, huenda kuna maambukizi. Shavu la mguu likivimba na kuuma, huenda damu imeganda. Mgonjwa afike hospitali siku hiyo hiyo, na akibanwa kifua au kukosa pumzi, apelekwe kitengo cha dharura mara moja.